Lori la Nehemia Lilivyotetemeka Mlima wa Saranda

Nilitoka Mvumi siku ya Alhamisi kwa sababu mbili. Ya kwanza niliisema kanisani, watu wote wakasikia: nakwenda kujengea kaburi la mdogo wangu Damari, aliyeolewa juu ya mlima wa Saranda, upande wa Manyoni. Mwaka ulikuwa umetimia tangu azikwe. Ya pili sikumwambia mtu. Mwanangu Mathayo alinituma nikampeleleze dereva.

Dereva mwenyewe mnamjua. Ni Salehe, Msandawe wa Chemba, aliyeendesha lori la marehemu mume wangu Nehemia tangu Mathayo anavaa kaptula. Nehemia alipofariki, lori likabaki na Salehe akabaki nalo. Lakini tangu ule msiba wa Damari lori likawa na ugonjwa. Likiwa tupu linakwenda vizuri. Likibeba mzigo na kukuta mlima, linasita, linatetemeka mwili mzima, linazima. Mafundi wakasema mafuta yana uchafu. Mathayo akasema uchafu hauji wenyewe, Salehe anauza dizeli njiani na kujazia mafuta ya taa. Huku Mvumi mkalichukua neno hilo mkalitembeza, na mimi nililisikia nikanyamaza. Kwa hiyo naandika safari yote ilivyokuwa, niliyoyaona na niliyoyafanya, ili neno lile lirudi lilikotoka.

Saa kumi na mbili asubuhi Salehe alikuwa mlangoni kwangu. Aliuweka msalaba wa saruji nyuma, ule alioutengeneza fundi Yeremia, akaufunga kwa kamba na kuulaza juu ya maturubai usivunjike. Akanipandisha mbele kwa kunishika kiwiko, kama kawaida yake.

"Shikamoo mama. Magoti yamelalaje?"

"Marahaba mwanangu. Magoti yamelala, mwenyewe sikulala."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakitazama kile kidude cha mafuta mbele ya usukani, nikijiambia nikishike kichwani mshale uko wapi. Kusoma sikusoma sana, darasa la pili nikaondolewa kulea Damari. Lakini kitu nikikitazama mara moja hakitoki.

Saa mbili na nusu tulifika Dodoma, Chang'ombe, kwenye duka la Mathayo. Zamani Mathayo akimwona Salehe alikuwa anasema, "Shikamoo kaka Salehe," hata akiwa na wateja, maana ndiye aliyemfundisha kuendesha. Siku hiyo alitoka na simu mkononi akasema, "Vipi, Salehe." Basi. Salehe akajibu, "Salama." Nililiona hilo likipita kati yao nikainamisha kichwa.

Wakati vijana wa duka wanapakia mifuko ya saruji, Mathayo alimwita fundi Kibwana, jirani yake, alitazame lori mara ya mwisho. Kabla ya Kibwana walishalishika fundi Zakayo na fundi Ramadhani wa nozeli, kila mmoja akabadilisha kitu na kila mmoja akasema limepona. Kibwana aliliwasha, akakanyaga mafuta, injini ikanguruma laini kabisa.

"Bibi, unasikia? Linaimba hili."

"Linaimba kwa sababu mzigo haujakaa," Salehe akasema. "Lipandishe mlima limebeba ndiyo usikie wimbo wake."

"Sasa mlima niutoe wapi hapa Chang'ombe, kaka? Niupigie simu uje?"

Watu wakacheka. Kisha Kibwana akafungua filta ya dizeli, akaimwaga kwenye beseni, na chini ya mafuta tukaona ute mweupe, kama uji wa mtoto. Akauchukua kwa kidole, akaunusa, akampa Mathayo naye akaunusa.

"Dizeli safi haina hiki," Kibwana alisema. "Haya yamechanganywa."

Mathayo hakumtazama Salehe. Alinitazama mimi. Akanivuta pembeni, karibu na magunia ya sukari.

"Mama, umeona mwenyewe. Nimeshapata dereva mwingine. Mkirudi Jumapili namwambia. Wewe kaa naye, angalia anaposimama, angalia anachotia. Nataka nikimwambia, awepo mtu aliyeona."

"Amekula kwangu miaka yote hiyo, Mathayo."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Hatakuogopa."

Nikakubali. Siwafichi, nilikubali. Kibwana akaweka filta mpya, tukaondoka.

Kabla ya kutoka mjini tuliingia kituo cha mafuta. Mimi nilibaki ndani, nikageuka kwenye kioo cha pembeni nione mpira unaingia wapi na kinachotoka ni nini. Salehe akaja dirishani kwangu, sauti ya chini tu.

"Mama, shuka usimame hapa. Huko ulipo kioo kinakuziba, hutaona vizuri."

Nilishuka. Ningefanya nini? Nilisimama kando ya tangi mpaka likajaa, yeye kule na mimi huku, na yule binti wa kituoni akidhani mimi ni bibi wa kupenda kutazama.

Jioni tulikuwa Bahi. Tulilala kwa Mama Zuhura, muuza mpunga, ambaye tulisafiri naye sana wakati wa Nehemia. Kule mvua zilikuwa nzuri, maji yamesimama majarubani na samaki wa kukaanga wapo. Mama Zuhura alitupokea kwa mikono miwili, akamwangalia Salehe juu mpaka chini.

"Msandawe! Bado hawajakufukuza tu, na gari lenyewe limezeeka kukushinda?"

Huo ni utani wake wa siku zote. Siku zote Salehe humjibu kwamba anasubiri amwoe yeye kwanza ndipo aache kazi. Safari hii akakaa kwenye kigoda, akanawa mikono, akasema, "Jumapili tukirudi, dada. Nadhani Jumapili."

Mama Zuhura akanigeukia. Nikachota mlenda, nikaula polepole, kama mtu mwenye shughuli.

Ijumaa asubuhi tulipakia magunia kumi ya mchele wa kulisha watu kaburini, juu ya saruji. Sasa lori lilikuwa zito. Tulipita Kintinku jua likiwa bado jepesi, na pale mbele kidogo ya Kintinku Salehe alipunguza mwendo, akaonyesha kwa kidevu.

"Kisiki kile."

Nilikijua. Mwaka jana tulikuwa tunakwenda kumzika Damari. Ng'ombe waliingia barabarani, Salehe akawakwepa, tukashuka kando, na kisiki kile kikatoboa tangi la mafuta. Dizeli ikawa inamwagika. Salehe akadandia bodaboda kwenda kutafuta gundi ya chuma, akaniacha mimi na lori. Tulichelewa pale, na tulipofika juu nilikuta udongo umeshafukiwa. Uso wa Damari sikuuona. Wapo ndugu waliosema dereva ndiye aliyenichelewesha. Na hilo pia nililisikia nikanyamaza.

Saa tano hivi tulianza kuupanda mlima wa Saranda. Mwanzoni lilikwenda. Salehe akaweka gia ya tatu, kisha ya pili. Halafu nikalisikia. Lilisita kidogo, kama mtu aliyeanza kusema jambo akalisahau. Likashika tena. Likasita. Kisha mtetemeko ukaanza, kwenye kiti, kwenye mlango, kwenye meno yangu, na nyuma msalaba ukawa unagonga bodi, ko, ko, ko. Salehe alikuwa akiongea nalo kwa lugha yao ile ya kugonga ulimi, taratibu, kama anavyomwongelesha ng'ombe anayezaa. Likazima.

Alivuta breki, akaruka na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. Malori mengine yakatupita yakipiga honi. Nilishuka, kwa kuwa nilitumwa kutazama, nikatazama.

Hakufungua kitu. Alikaa kwenye jiwe lingine akasubiri, muda wa kuchemsha chai. Kisha akapanda akaliwasha, likawaka mara moja, likanguruma kama pale kwa Kibwana.

"Umeona, mama? Nozeli ikiharibika haiponi kwa kupumzika. Mafuta ya taa hayageuki dizeli kwa kupumzika. Huu ni ugonjwa unaopona ukikaa kitako."

"Basi ni nini?"

"Sijui. Mafundi wote wamelitazama limelala. Hakuna aliyekubali kuja nalo mlimani."

Tukaenda mita chache, likaanza tena. Safari hii kabla halijazima kabisa aliruka, akafungua mpira wa mafuta kwenye pampu na kupampu kwa mkono. Mafuta yalikuja kidogo, kama mate ya mtu mwenye kiu. Akaniita.

"Mama, weka sikio hapa kwenye tangi. Mimi napuliza."

Niliweka sikio kwenye chuma cha moto. Alipuliza kwa mdomo ule mpira unaotoka tangini. Mwanzo hakuna kitu. Akapuliza kwa nguvu, mishipa ikamtoka shingoni, ndipo nikasikia pwa, kitu laini kimeachia, na mapovu yakafuata.

"Kimetoka," nikasema. "Kama mtu ametoa mkono mdomoni."

Alipampu tena na mafuta yakaja tele.

Salehe alikaa chini barabarani. Alikuwa na dizeli midomoni. Akanieleza pole pole, huku akichora kwa kijiti vumbini. Ndani ya tangi lipo bomba la kunyonyea, mdomo wake uko chini. Gari likiwa tupu linanyonya kidogo. Likibeba mzigo likapanda, linanyonya kwa nguvu, na hapo kuna kitu kinavutwa kinaziba ule mdomo. Likizima, hakuna tena cha kukivuta, kinaanguka chini. Ukiwasha, gari zima.

"Ni kitu laini, mama. Kinateleza. Kama kitambaa, lakini si kitambaa, kitambaa kisingeleta ule ute."

Wenzangu, hapo ndipo nilipokijua kitu chenyewe.

Kwa sababu siku ile ya kisiki, nilipobaki peke yangu na dizeli inamwagika, nilifungua mfuko wangu nikatoa mche wa sabuni niliokuwa napeleka msibani, wa kufulia nguo za wafiwa. Kila mtu wa njia hii anajua tangi likitoboka huzibwa kwa sabuni. Nikakata kipande, nikakifinyanga, nikakisukuma kwa kidole gumba. Tundu lilikuwa pana. Kipande kikaniponyoka kikadumbukia ndani. Nikakata cha pili kikubwa zaidi, kikashika. Salehe aliporudi na gundi aliniuliza, "Umeziba kwa nini?" nikasema, "Kwa sabuni," akasema, "Ahsante mama, umetuokoa." Akapaka gundi juu yake. Kile cha kwanza sikukitaja. Niliona si kitu. Maisha yangu yote nimefua, na sabuni niliyoiacha majini sijawahi kuikuta asubuhi. Nilijua itayeyuka.

Kumbe dizeli si maji.

Nililielewa jambo lote nikiwa nimesimama pale, na sikulisema. Nilimtazama Salehe akichukua dumu la dizeli ya akiba, akilifunga kwa kamba nyuma ya mlango wake, akitumbukiza mpira wa pampu humo ili injini inywe dumuni badala ya tangini. Akaliwasha. Tukaupanda mlima wa Saranda gia ya pili, magunia kumi, saruji yote na msalaba, bila kusita hata mara moja. Hakuna kitu kilichogonga. Salehe alikuwa analia. Alijifuta kwa mkono wa shati akasema ni vumbi, na mimi nikasema ndiyo, lipo vumbi.

Jioni tulifika kwa shemeji yangu, mzee Chilongani. Alitoka na fimbo yake, macho yake hayaoni vizuri tena.

"Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo. "Nasikia lori la Nehemia. Mbona leo halikohoi?"

"Limepata dawa, baba," Salehe akajibu.

"Nani kaliponya?"

Salehe hakujisifu. Alisema, "Bado hatujalitoa lililomo. Nitalifungua Jumapili, mbele ya mwenye gari." Nikajua maana yake. Alitaka Mathayo aone kwa macho yake. Na kitakachotoka humo, Mathayo angeuliza nani aliyekitia, na nani angekuwa amekaa karibu na tangi lile siku zote?

Jumamosi tulijenga kaburi. Waliochanganya zege ni Lameki na Mbeleje, watoto wa Damari. Waliopika ni Eva, Joisi, Mama Stefano na wale mapacha wa Chilongani. Msalaba ulisimamishwa kabla jua halijawa kali, na katekista Danieli akasoma. Niliombwa niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea. Nilisimama, nikatazama jina lake pale kwenye saruji, herufi ninazozijua, nikakumbuka kwamba mwaka mzima nimemlaumu mtu kimoyomoyo kwa kunizuilia uso wa mdogo wangu. Nikasema, "Damari, nimechelewa." Basi. Watu walidhani ni uchungu wa msiba.

Tulipokwisha kula, Salehe alikuwa peke yake kwenye kivuli cha lori, anafunga kamba. Nilimwendea.

"Salehe, lililomo ndani ya tangi ni sabuni yangu."

Alisimama na kamba mkononi. Nikamweleza kile kipande cha kwanza, bila kuruka kitu. Kisha nikamwambia na lingine, kwamba Mathayo alinituma.

"Hilo nilijua," akasema. "Tangu Mvumi ulikuwa unaitazama geji kama saa ya kanisa."

"Na bado ukanishika kiwiko."

"Mama, ningekuacha uanguke?"

Kisha akaniuliza swali ambalo nalisikia hata sasa ninavyoandika.

"Ulipokuwa mlimani, nilipokuchorea pale chini, ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua."

Alichukua spana, akalala chini ya lori, akaanza kufungua nati za tangi. Lameki na Mbeleje wakamsaidia kulishusha na kumwaga mafuta kwenye ndoo. Chini kabisa kulikuwa na ute ule mweupe, pale palipokuwa na maji kidogo, na katikati ya ute kikalala kipande, kimekuwa kijivu, kimepungua ncha lakini hakijayeyuka. Salehe alikitoa akakigeuza. Upande mmoja palikuwa na shimo la kidole gumba. Aliushika mkono wangu, akakiweka kidole changu pale. Kiliingia barabara.

Jumapili, baada ya ibada, tulirudi. Tulishuka Saranda, tukapita kisiki, tukamsalimu Mama Zuhura pale Bahi bila kukaa. Salehe aliniongelesha mambo ya mvua na ya njia, kwa heshima, lakini utani haukuwapo. Nilikuwa nimekishika kipande changu kwenye kitambaa, mapajani.

Saa tisa tulifika Chang'ombe. Mathayo alikuwa mlangoni, na yule dereva mpya ameketi kwenye benchi, anaitwa Festo, kijana wa watu, hana kosa. Kibwana naye akavuka barabara kuja kusikiliza.

"Mama, karibu. Umeona nini?" Mathayo akauliza.

Nilifungua kitambaa juu ya kaunta ya duka, palipo na mizani.

"Huyu hapa mwizi wako. Nimemleta. Na huu ndio uchafu wa mafuta mliounusa. Kidole kilichomtia ndani ni hiki."

Nikaweka kidole gumba shimoni, wote wakiona. Nikaeleza kwa sauti, wateja wakisikia, maana Salehe naye alisemwa wateja wakisikia. Kibwana alikichukua kipande, akakinusa, akakirudisha polepole. "Sabuni ya mche," akasema. "Na mimi nilisema linaimba." Akaondoka bila kuaga.

Salehe alikuwa nje, anapangusa kioo cha lori ambacho hakikuwa na kitu. Mathayo akatoka, akasimama mbele yake, mikono nyuma kama wakati ule wa kaptula.

"Shikamoo, kaka Salehe."

Salehe aliendelea kupangusa. Alipangusa kile kioo mpaka mwisho, akakunja kitambaa. Kisha akasema, "Marahaba." Akatoa funguo mfukoni, akamwekea mkononi.

"Gari ni zima sasa. Mpeleke mama Mvumi wewe mwenyewe. Kule ndiko nilikosemwa, ukifika useme. Ukishasema, njoo nyumbani kwangu unichukue."

Mathayo alinileta jioni ile, mnakumbuka, wengi mliliona lori mkashangaa nani anaendesha. Alisema kanisani Jumapili iliyofuata, na mimi nikasimama kando yake. Jumatatu alimfuata Salehe Chemba, na Salehe akarudi naye. Ananishika kiwiko kama zamani. Utani bado haujarudi wote.

Nilichojifunza kwenye safari hii si cha injini tu. Cha injini ni kwamba ugonjwa wa mzigo huonekana kwenye mzigo, usiulizwe lori likiwa tupu. Cha kwangu ni kwamba niliponyamaza mwaka mzima nilidhani jambo linayeyuka lenyewe. Kipande nimekiweka dirishani, kando ya taa. Hakifulii tena kitu. Kila nikisikia mtu anasemwa hapa Mvumi, nakwenda naweka kidole changu pale.